Intaneti ya Chumbani kwa Baba

11 Februari

Mdogo wangu, Waziri wa Mambo ya Ndani,

Pokea salamu za kaka yako kutoka chumba kile kile juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira imeshahamia kwenye mashati yangu na sidhani kama itatoka. Mimi mzima, isipokuwa goti linaloniuma nikipanda ngazi, na wenzangu wananicheka kwa sababu mtu anayelipwa kutengeneza lifti hapaswi kulalamikia ngazi. Wiki hii tumebadilisha kamba za lifti ya hospitali moja kubwa. Tumefanya kazi juu ya paa la lifti tangu asubuhi, giza mbele na giza nyuma, na nilipotoka nje jua lilinichoma macho.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yetu ya mwisho hukuimaliza, uliikata. Sikulaumu. Tulipandishiana sauti mpaka nikamsikia Baba akigonga ubao wa kitanda. Ulisema baadaye kwamba simu zetu anazisikia zote, mlango ufungwe usifungwe. Basi ujumbe wa simu tuuache kwa mambo ya dawa na fedha za matumizi, na haya mengine tuyaandike. Barua itachelewa, lakini angalau hatutagombana mbele ya mgonjwa.

Jambo lenyewe ni intaneti ya hapo nyumbani. Tangu ile kamera ifungwe juu ya kabati, mimi nimepata nafuu. Wakati wa chakula cha mchana nakaa pembeni na mkate wangu, nafungua simu, namwona Baba. Naona dirisha, kikombe chake cha bati, blanketi la kijani. Kuna siku namkuta amelala na mdomo wazi, nangoja mpaka nione kifua kikipanda, ndipo natafuna.

Lakini sasa kila asubuhi picha inakatika, na jioni inakatika tena. Kioo kinakuwa cheusi kwa muda mrefu. Ikirudi namkuta Baba amebadilishwa shati, nywele zimechanwa, kama mtu aliyekwenda mahali akarudi. Januari hapakuwa na shida hii. Unakumbuka hata mwishoni mwa mwezi ule nilimsalimia kupitia kile kispika cha kamera akiwa anaogeshwa? Nilimwambia anang'aa kama bwana harusi, na Bwana Taratibu, aliyekuwa akimwogesha pamoja nawe, alicheka mpaka akamwaga maji. Intaneti ya namna ile ndiyo ninayoitaka.

Kampuni yetu ya zamani imetuzoea. Wanajua hatuendi popote, kwa hiyo wanatupa huduma ya kusuasua na ankara isiyochelewa hata siku moja. Nimesoma kwamba ile kampuni mpya ya faiba imefika mtaani kwetu. Bei yao si mbaya na wanafunga bure. Nataka tuhame. Niambie unaonaje, maana wewe ndiye unayeishi humo.

Msalimie Bwana Taratibu. Mshike Baba mkono kwa niaba yangu.

Kaka yako


3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa kona zote nne, kama vile postamani aliikalia njiani. Nilimsomea Baba sehemu ya lifti na goti. Alicheka kwa upande ule wa mdomo unaocheka.

Sisi tunakwenda. Kazini wamenikubalia nusu siku tu; natoka nyumbani Bwana Taratibu akishamaliza shughuli za asubuhi, nasaga vioo vya miwani mpaka mchana, narudi. Mwenye duka ni mtu mwema, ila ameanza kuniita "mgeni wetu", na mimi najichekesha. Bwana Taratibu hajabadilika. Anaingia na ule mwili wake kama mlango, anasema "taratibu, taratibu" hata anapovua viatu. Bila yeye nisingeweza kumgeuza Baba peke yangu.

Habari njema ni kwamba mkono wa kushoto umepata nguvu. Anashika kikombe, anabonyeza swichi ya ekstensheni iliyo kando ya kitanda, anajikuna kichwa. Maneno aliyoyapoteza kwa kiharusi nayo yanarudi, moja moja. "Ndiyo" limerudi. "Maji" limerudi. "Zima" lilirudi kabla ya jina langu, na sikuona ajabu. Unakumbuka alivyokuwa kiwandani na hapa nyumbani: hagusi kitu mpaka umeme umekatwa, na fyuzi anaichomoa anaitia mfuko wa shati ili asije mtu nyuma yake akawasha. Mama alikuwa akifua mashati huku akitoa fyuzi mifukoni.

Kuhusu kuhama kampuni, mimi naona tusihame. Mafundi watataka kutoboa ukuta, na unamjua Baba na kuta zake. Kila waya wa nyumba hii aliupitisha yeye. Halafu kuna suala la mkataba mpya, na namba za siri mpya, na kelele. Mgonjwa anataka utulivu. Hii ya sasa inatutosha. Kukatika kidogo si kitu, kaka. Ukiona kioo cheusi ujue tupo.

Unakuja lini? Chumba chako nimekifagia.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kuhusu mkono wa kushoto. Nimewahadithia wenzangu kazini mpaka wamechoka. Huku kumeingia baridi ya ajabu, na mwenye nyumba anasema kipasha joto kitatengenezwa, anasema hivyo kila akipita. Mimi nalala na soksi.

Sasa nikujibu moja baada ya jingine, usikasirike. Ukuta hautatobolewa, faiba inaweza kupita kwenye tundu lile lile la waya wa zamani; nimeuliza. Mkataba nitaushughulikia mimi, utakuwa kwa jina langu, wewe hutaandika hata herufi. Kelele ni za asubuhi moja. Ukiacha hayo sioni umebaki na sababu gani, na wewe si mtu wa kusema bila sababu. Kama kuna jambo, sema, usinizungushe.

Nimepiga simu kampuni ya zamani. Nilisubirishwa kwa muziki, nikaongea na mtu, akanipa mtu mwingine. Huyo wa mwisho alikuwa na adabu. Alisema laini yetu haina tatizo lolote, kinachotokea ni kwamba ruta yetu inakosa umeme, asubuhi na jioni, kila siku. Nikamwambia sisi ni watoto wa fundi umeme, katika nyumba yetu hakuna kitu kinachokosa umeme ovyo. Sikumwamini. Hawa watu hawakubali kosa, wanakurudishia lako.

Nitakwambia kwa nini nang'ang'ania, ili usidhani ni ukaidi wa kaka mkubwa. Mama alipofariki, mimi nilikuwa ndani ya shimo la lifti ambako simu haishiki. Nilipanda juu jioni, simu ikaanza kulia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe. Wa kwanza ulisema Mama amezidiwa. Wa mwisho ulikuwa unauliza kama nitawahi mazishi. Niliyasoma yote kwa mpigo nikiwa nimeshika bisibisi, na nilisimama pale mpaka msimamizi akaja kuuliza kama nimepigwa na umeme. Mdogo wangu, sitaki kusoma habari za Baba namna ile. Kioo kikiwa cheusi nakuwa ndani ya lile shimo tena.

Basi kubali tuhame.

Kaka yako


9 Aprili

Kaka yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa kazini, nikaomba ruhusa nikatoka nje. Hukuwahi kuniambia habari ya lile shimo. Mimi siku hizo nilikuwa na hasira na wewe, nikidhani unachelewa kujibu makusudi. Pole, kaka. Pole sana.

Baba hajambo. Mvua imenyesha na paa la jikoni halikuvuja.

Yule mtu wa kampuni alisema kweli. Laini haina tatizo. Ni swichi ya ekstensheni iliyo kando ya kitanda. Ruta imechomekwa humo, na kamera pia. Inazimika, tunaiwasha. Ndivyo ilivyo, wala si kosa la mtu. Nakuomba usihame. Sikuombi mambo mengi, hilo unalijua. Kila siku nitakutumia ujumbe asubuhi na jioni kwamba Baba anapumua, na nitautuma bila kukosa hata nikiwa naumwa.

Hukunijibu unakuja lini.

Mdogo wako


28 Aprili

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa asubuhi na jioni naupata, asante. Lakini "Baba mzima" ni neno, na mimi nimezoea kumwona.

Kama tatizo ni swichi, basi dawa yake nimeipata, tena nilitamani kucheka kwa jinsi ilivyo rahisi. Hii kampuni mpya wana ruta yenye betri ndani yake. Umeme ukatike, swichi ibonyezwe, yenyewe haina habari. Wanauza na kamera ya namna hiyo hiyo. Nimelipia vyote. Mafundi watakuja wiki ya pili ya Mei. Kampuni ya zamani nimewaandikia kwamba tunaondoka, wakate laini mwisho wa Julai, ili hii mpya tuwe tumeijaribu kwanza. Ndani ya muda huo hawa wapya wanapokea vifaa vyao na kurudisha fedha tusiporidhika.

Najua utaninunia. Ninunie, lakini wafungulie mlango. Nimebeba uamuzi huu mimi, na kama kuna lawama zije kwangu. Nataka tu kumwona Baba bila kukatizwa, na sidhani kama mtoto anayetaka hivyo anakosea.

Kazini wameniongeza cheo. Sasa naitwa kiongozi wa zamu, maana yake nachelewa kurudi na mshahara ni ule ule.

Kaka yako


23 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi tuko hai, na hii ni barua ndefu, kwa hiyo kaa chini.

Kamera yako haioni kitu kwa sababu nimeitoa ukutani kwa mkono wangu. Ndiyo maana nilikutumia ule ujumbe mmoja, "Baba mzima, ngoja barua", nikaacha kupokea simu zako zote. Ningepokea tungegombana, na Baba angesikia, na haya ninayokuandikia siwezi kuyasema akisikia.

Mafundi walikuja wawili, mwanamke na mwanamume. Baba alitaka akalishwe kwenye kiti cha magurudumu awaangalie. Yule mwanamke aliifunga kamera ukutani, akaubana waya wake kwa vibanio vilivyonyooka kama mstari wa rula, na Baba aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Unajua alivyo mgumu kusifia. Nikajisemea labda kaka alikuwa sahihi, nimejisumbua bure.

Kesho yake asubuhi Bwana Taratibu akaja na beseni. Tulipomfunua Baba shuka, alinyoosha mkono wa kushoto akabonyeza swichi, kama afanyavyo kila siku. Taa ya ruta haikuzimika. Taa ya kamera haikuzimika. Akabonyeza tena, akawasha, akazima. Akaitazama ile taa ya kijani, kisha akanitazama mimi. "Zima," akasema.

Nilimweleza mambo ya betri. Nikachukua taulo nikaifunika kamera. Akatikisa kichwa. Kaka, wewe umefanya naye kazi kuliko mimi, unajua kwamba kwake kitu kilichofunikwa bado kina umeme. Hakuniamini mimi, hakuiamini taulo. Akavuta shuka kwa mkono ule mmoja mpaka kidevuni, akaishika.

Maji yakapoa. Bwana Taratibu akayapasha, yakapoa tena. Jioni akakataa, na kesho yake, na siku zilizofuata. Nilipomweleza kwamba nimezima, alinyoosha kidole kwenye ile taa. Chumba kikaanza kunuka. Baba yetu, kaka, aliyekuwa akitoka kiwandani anapitia bafuni kabla ya kutusalimia. Ngozi ya nyonga ikaanza kuwa nyekundu mahali anapolalia, na Bwana Taratibu akasema ikipasuka hapo itakuwa kidonda ambacho watu wa umri wake hawaponi. Akasema kwa upole kabisa kwamba sisi ni wawili, tunaweza kumwosha kwa nguvu. Nikamwambia atoke nje ya chumba. Alitoka. Nadhani na yeye alikuwa anatafuta mtu wa kumkataza.

Nikaleta bisibisi ya Baba mwenyewe. Nikaitoa kamera ukutani mbele ya macho yake, nikafungua kifuniko, nikachomoa betri. Nikaitia kwenye kiganja chake cha kushoto, nikamfunga vidole. Akaiminya. Akaangalia ile taa mpaka aliposadiki kwamba imekufa. Ndipo alipojifunua shuka yeye mwenyewe, kwa kiwiko, maana kiganja hakutaka kukifungua. Tulimwosha ameshika betri. Tulimgeuza ameshika betri. Hakuiachia mpaka tulipomvika shati na kumfunga vifungo, na hapo akanirudishia, akasema maneno mengi kuliko aliyosema tangu augue. Alisema, "Mwanangu asinione hivi."

Sasa nikuambie nililokuficha. Swichi haikuwa inazimika yenyewe. Baba alikuwa akiizima kila tunapomwosha, na sisi tukiiwasha tukimaliza. Mwanzoni nilidhani ni mazoea ya kazi. Lakini haizimi tunapomlisha, wala tunapomnyoa. Alianza baada ya siku ile ya Januari ulipomsalimia kwa kispika. Wewe ulisikia Bwana Taratibu akicheka. Hukuuona uso wa Baba, kwa sababu kamera ilikuwa inamtazama mgongoni. Alikuwa uchi, amelazwa ubavu, mikono yetu iko kwenye mapaja yake, na sauti ya mwanawe wa kiume ikatoka juu ya kabati ikimwambia anang'aa. Alifumba macho, akawa hayafungui mpaka jioni.

Sikukuambia kwa sababu ulisema kwa furaha. Nilijua hukukusudia ubaya hata chembe. Nikajiuliza nitamwandikiaje kaka, aliye mbali vile, kwamba baba yake anajificha asimwone? Nikaona heri ulaumu kampuni. Kampuni ya intaneti inaweza kulaumiwa na watu wote na isipungukiwe na kitu.

Na nina hasira, kaka. Hili nalo nilitoe. Wewe unajua rangi ya blanketi lake, unajua anakunywa chai wakati gani, lakini kila barua nimekuuliza unakuja lini na hujajibu hata moja. Umetuma betri. Nilitaka uje wewe.

Tumebaki na mwezi wa Juni na Julai kuamua. Ukitaka faiba ibaki, ibaki, ni nzuri kwa kweli, picha za madaktari zinafunguka upesi. Ukitaka turudi kwenye kampuni ya zamani, waandikie wasikate. Mkataba uko kwa jina lako. Kamera iko kabatini na betri yake iko mfukoni mwangu, na huko itakaa mpaka Baba aseme vingine.

Nyonga inaendelea vizuri. Wekundu umefifia.

Mdogo wako


2 Julai

Mdogo wangu,

Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu barua nilizoandika kwanza hazikufaa kutumwa. Ya kwanza ilikuwa ya kukugombeza: kwa nini hukuniambia Januari, kwa nini uliniacha nipigane na watu wa kampuni wasio na hatia. Niliichana. Ya pili ilikuwa ya kuomba msamaha, na ilikuwa mbaya zaidi, ilijaa mimi, mimi, mimi. Hii ni ya tatu na nitaituma ilivyo.

Nimeipitia siku ile ya Januari kichwani mara nyingi. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi, nakunywa chai ya asubuhi, nikaona mgongo wa Baba unametameta maji, nikafurahi. Ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kama mtoto. Sikufikiri kwamba mgongo ule una mwenyewe.

Umeniuliza naja lini na mimi nimekujibu habari za ruta. Sababu si likizo wala nauli. Naogopa. Kichwani nina baba mmoja tu, yule anayepanda ngazi na mkoba wa vifaa begani, anayetuita tumshikie tochi. Huyu aliye kitandani niliweza kumwona kidogo kidogo, kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja, na nikizidiwa nafunga simu naendelea na kazi. Ndiyo, nilikuwa nafunga. Hilo sikukuambia. Nilikuwa nakulalamikia picha kukatika asubuhi, na mchana naikata mwenyewe.

Nimeongea na kampuni zote mbili. Wapya nimewaambia waje wachukue ruta na kamera yao. Hawakuleta maneno, walitaka tu nijaze sababu, nikaandika "haihitajiki". Wa zamani niliwapigia nikasubirishwa kwa muziki ule ule. Nikamwambia yule mtu wa huduma kwamba tumeamua kubaki, na kwamba kosa nililokuwa nawatukania miezi yote halikuwa lao. Akaniomba nirudie. Nadhani hajawahi kuambiwa hivyo na mteja. Kisha akaniuliza kama nataka kifurushi kikubwa zaidi. Nikamwambia kile kidogo kabisa, cha kutosha simu moja na picha za madaktari.

Najua faiba ni bora. Ningekuwa nachagua intaneti ningeichagua. Lakini hiyo swichi iliyo kando ya kitanda ndiyo kitu pekee katika nyumba hiyo ambacho Baba bado anakiamuru, na sitalipa fedha zangu kumnyang'anya.

Likizo nimeomba, wakakataa kwa sababu ya zamu. Nikaomba tena nikiwa nimesimama mlangoni na nguo za kazi, nikasema baba yangu anaumwa, na sikuondoka. Nimepewa Agosti, mwezi mzima. Nitafika mwanzoni mwa mwezi. Usinifanyie makaribisho ya mgeni. Bwana Taratibu mwambie apumzike kidogo, afike asubuhi za kwanza anielekeze, halafu atuachie. Kama Baba atakataa mikono yangu nitakubali, nitakaa nje ya mlango nikabidhi maji. Lakini nataka kumwomba mwenyewe, uso kwa uso, aniruhusu.

Sijawahi kumwosha mtu mzima. Hata Mama sikumwosha. Nimejaribu kufikiria namna ya kuanza, nashindwa. Kwa hiyo niandikie hili moja kabla sijafika, maana nikikuuliza mbele ya Baba nitaharibu: naanzia wapi?

Kaka yako


18 Julai

Kaka yangu,

Barua imefika, na watu wa kampuni mpya wamekuja wakachukua vitu vyao. Yule fundi mwanamke alifungua vibanio vyake kimoja kimoja na Baba alimtazama kwa huruma, kazi nzuri inabomolewa. Ruta ya zamani imerudi kwenye swichi ya kando ya kitanda, inasuasua kama ilivyozoea.

Nilimwambia Baba kwamba unakuja, na kwamba unataka kumwosha ukiruhusiwa. Jioni aliomba kioo. Akajitazama sana upande huu na upande ule, kisha akaniambia nimnyoe vizuri siku utakayofika. Hajasema ndiyo, lakini hajasema hapana, na wewe unamjua.

Bwana Taratibu atakuonyesha namna ya kumgeuza bila kuumiza bega. Maji uyapime kwa kiwiko chako, yawe ya moto kidogo kuliko unavyodhani. Usimsemeshe sana. Usimsifie.

Umeuliza uanzie wapi. Mimi huanzia usoni. Wewe anzia mgongoni, asikuone ukilia.

Mdogo wako